Muscat: Kupanda si kazi, kazi ni kulea

Oman imejiwekea lengo la kupanda miti milioni 10. Lakini katika jiji lipatalo wastani wa milimita 100 tu za mvua kwa mwaka, swali zito si miche mingapi imetiwa ardhini, bali ni mingapi itakuwa hai baada ya viangazi vitatu.

Kila mwaka, tarehe 31 Oktoba, Oman huadhimisha Siku ya Mti. Joto la Muscat huwa limeanza kushuka, na wanafunzi, maafisa wa serikali na watumishi wa makampuni hukusanyika wakiwa na miche mikononi. Picha hupigwa, miche huhesabiwa na takwimu hutangazwa. Hakuna sherehe ya namna hiyo mwezi Julai, wakati kipimajoto kinapoweza kupita nyuzi 45 na miche ile ile ikabaki peke yake juani.

Mpango wa taifa wa miti milioni 10 ulianza mwaka 2020, nia yake kubwa ikiwa ni kurejesha miti ya asili ya nchi hiyo. Oman haiko peke yake katika mbio hizi. Mwaka 2021 Saudi Arabia ilitangaza nia ya kupanda miti bilioni 10 katika miongo ijayo. Umoja wa Falme za Kiarabu umeahidi mikoko milioni 100 ifikapo mwaka 2030. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Mwezi Desemba 2022 Kenya ilizindua lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 wananchi walipewa siku ya mapumziko ili wakapande miti. Kabla ya hapo, Ethiopia ilisema kuwa tarehe 29 Julai 2019 ilipanda miche zaidi ya milioni 350 katika siku moja.

Takwimu hizo zote zinafanana kwa jambo moja: zinahesabu kupanda. Waswahili wana methali isemayo kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Muscat ni mahali pazuri pa kuipima methali hiyo, kwa sababu huko mti uliopandwa ukaachwa hauna wa kuusaidia. Mvua haitakuja kufunika uzembe wa mpandaji.

Udongo wa mawe na chumvi

Muscat umekaa kwenye ukanda mwembamba kati ya Bahari ya Oman na milima ya Hajar. Sehemu kubwa ya milima inayoukabili mji ni miamba mitupu yenye rangi ya giza, ambayo zamani sana ilikuwa chini ya bahari kabla ya kusukumwa juu. Vitongoji vingi vya jiji vimejengwa juu ya changarawe na kokoto zilizoletwa na wadi, yaani mito ya msimu ambayo hukaa mikavu kwa miezi mingi, kisha hufurika kwa saa chache.

Udongo wa namna hii una kasoro nne, na kila moja ina namna yake ya kuua mche. Kwanza, haushiki maji. Yanayomwagwa asubuhi hupenya kati ya kokoto na kupotea chini ya mizizi michanga. Pili, hauna mboji, kwa kuwa majani yanayoanguka na kuoza ni machache mno. Tatu, una chokaa nyingi. Madini ya chuma yanaweza kuwamo, lakini katika udongo wa chokaa hayayeyuki kwa namna ambayo mizizi inaweza kuyafyonza. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Mwenye bustani asiyejua sababu hudhani mti una kiu, akaongeza maji, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Kasoro ya nne ni chumvi. Katika uwanda wa Batinah, unaoanzia kando ya Muscat na kuelekea kaskazini-magharibi kupitia Barka, mashamba ya mitende yalistawi kwa karne nyingi kwa maji ya visima. Pampu za mashine zilipoenea katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, maji matamu yalivutwa kwa kasi kuliko mvua ya milimani ilivyoweza kuyarudisha. Bahari ikaingia chini kwa chini kujaza nafasi iliyoachwa. Mashamba yaliyo karibu na ufuo yalianza kufa, na mtende ni miongoni mwa miti inayovumilia chumvi kuliko mingine yote ya matunda. Pale mtende uliposhindwa, mche wa kitaluni hauna matumaini.

Juu ya yote hayo liko jua. Kwa mwaka mzima, hewa ya Muscat ina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000 za maji. Kwa maneno mengine, kwa kila ndoo moja ya mvua inayonyesha, jua na upepo vinaweza kukausha ndoo ishirini. Dodoma, ambayo Watanzania huitaja kama mfano wa ukame, hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka. Hata usiku wa Oman hauleti nafuu ya uhakika: mwezi Juni 2018, katika mji wa pwani wa Quriyat, kusini-mashariki ya jiji, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa saa 24.

Maji ya nani?

Maji ya kunywa ya Muscat hutokana kwa sehemu kubwa na mitambo inayoondoa chumvi katika maji ya bahari. Ni maji ya gharama, na hakuna serikali inayoweza kuyamwaga barabarani bila kufikiri. Ndiyo maana bustani za umma na kingo za barabara kuu za jiji hilo zimekuwa zikinyweshwa maji yaliyosafishwa kutoka kwenye majitaka. Kampuni ya Haya Water, iliyoundwa mwaka 2002 na ambayo shughuli zake baadaye ziliingizwa katika shirika la taifa la maji, ilijenga mtandao wa mabomba na mitambo ya kusafishia, ukiwamo ule wa Al Ansab, ambako mabwawa yake yamekuwa makimbilio ya ndege wahamao. Kampuni hiyo pia iliyageuza mabaki ya majitaka, pamoja na matawi na majani yaliyokatwa katika bustani, kuwa mboji iliyouzwa kwa jina la Kala.

Huo ni mfano unaostahili kuangaliwa na miji kama Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Kinachotupwa na mji kinarudi kuulisha udongo wake. Lakini mpango huo una kikomo. Watu hutumia maji karibu kwa kiwango kile kile mwaka mzima, na hivyo majitaka nayo hayabadiliki sana. Mahitaji ya miti hubadilika mno. Wakati wa baridi mabomba huwa na ziada, na wakati wa kiangazi kila mche unaomba kwa pamoja. Idadi ya miti ambayo jiji linaweza kuilea haipimwi kwa maji ya Januari. Hupimwa kwa maji ya Juni.

Hapo ndipo linapozuka suala la haki. Kwa miaka mingi Muscat umesifiwa kwa nyasi za kijani na maua yaliyopangwa kando ya barabara zake. Nyasi hunywa maji mengi kwa mita ya mraba na hazimpi mtu yeyote kivuli. Kibarua anayesubiri basi huko Ruwi, au mtumishi wa nyumbani kutoka Afrika Mashariki anayetembea kwenda dukani saa saba mchana, hafaidiki na maua ya katikati ya barabara. Angefaidika na mti mmoja ulio hai kituoni. Oman imepiga marufuku kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana katika miezi ya Juni hadi Agosti. Sheria hiyo inakiri kwamba jua la huko ni hatari kwa maisha. Basi kivuli nacho ni huduma ya umma, kama yalivyo maji na taa.

Kuna pia suala la fedha. Bei ya mafuta iliporomoka mwaka 2014, na ikaanguka tena mwaka 2020 wakati wa janga la korona. Mwaka huo Oman ilitangaza mpango wa kubana matumizi uitwao Tawazun, na mwezi Aprili 2021 ikaanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Katika hali hiyo, mti usioweza kuishi bila bomba unakuwa deni linalolipwa kila siku, na siku bajeti itakapopungua, bomba litafungwa na deni litalipwa kwa mti wenyewe kufa.

Kuachishwa ziwa

Kwa hiyo siri ya kupanda katika udongo duni wa Muscat haiko katika kuupa mti kila unachokitaka. Iko katika kuulea hadi uweze kujitegemea. Mtoto hunyonyeshwa, kisha huachishwa ziwa. Mche nao unahitaji hatua zote mbili, na kosa linalorudiwa mara nyingi ni kuishia kwenye ile ya kwanza.

Umwagiliaji wa matone ulisifiwa kote duniani kwa kuokoa maji, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini mpira unapodondosha maji kidogo kila siku mahali pamoja, mizizi hukaa hapo hapo, karibu na uso wa ardhi, kama watoto wanaozunguka chungu. Mti unaweza kunenepa na kupendeza kwa miaka mitano bila kuwa na mzizi wa kwenda chini. Ukija upepo mkali, huanguka. Maji yakikatika kwa wiki mbili mwezi Juni, hufa. Aidha, maji kidogo ya kila siku hukauka na kuacha chumvi juu ya udongo, mwaka hadi mwaka, mpaka ile chumvi inayokusanyika inaanza kuunguza kingo za majani.

Njia inayofaa zaidi ni kumwaga maji mengi kwa wakati mmoja, yashuke chini na kuisukuma chumvi mbali na mizizi, kisha kuacha udongo wa juu ukauke. Katika miezi ya kwanza muda kati ya mnyweshezo mmoja na mwingine huwa siku chache. Baadaye huongezwa ukawa wiki, kisha wiki mbili, kisha zaidi. Mizizi hulazimika kuyafuata maji yanakokwenda. Kwa mti wa asili wa jangwani, viangazi viwili au vitatu vya malezi ya namna hiyo vinaweza kutosha. Kwa mti mgeni unaopenda maji, hata miaka ishirini haitoshi.

Mambo mengine ni madogo, lakini ndiyo yanayoamua. Mche upandwe kati ya Oktoba na Februari ili upate miezi ya kujenga mizizi kabla ya joto. Shimo liwe pana mara mbili au tatu kuliko fungu la mizizi, lakini lisiwe na kina kupita kiasi, na ardhi iliyoshikamana ivunjwe pembeni. Mboji ichanganywe kwa kiasi na udongo wa pale pale. Shimo likijazwa udongo mtamu mtupu ulioletwa kwa lori, mizizi hujizungusha humo kama iliyo ndani ya chungu na hukataa kutoka. Juu ya udongo pawekwe matandazo ya majani makavu au kokoto, bila kugusa shina, ili jua lisiinyang'anye ardhi unyevu wake. Uzio uwekwe mapema, kwa sababu mbuzi na ngamia hawasubiri.

La mwisho ni umri wa mche. Wakubwa hupenda miti mirefu, kwa kuwa hupendeza siku ya uzinduzi. Hata hivyo, mti uliokaa muda mrefu kitaluni ndani ya mfuko wa plastiki huwa umekwisha kujiviringisha mizizi yake. Mche mdogo, au mbegu iliyopandwa mahali pake, mara nyingi huupita mti mkubwa baada ya miaka michache, kwa sababu mzizi wake mkuu ulishuka moja kwa moja tangu mwanzo.

Mti upi?

Wazungumzaji wa Kiswahili walioko Oman, ambao wengi wao ni familia zilizorejea kutoka Zanzibar na mwambao baada ya mwaka 1964 na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, wana bahati moja. Miti mingi ya asili ya Oman ina ndugu zake huko walikotoka. Mti uitwao sidr kwa Kiarabu ni ndugu wa karibu wa mkunazi, ambao majani yake hutumika kuoshea maiti pande zote mbili za bahari na ambao maua yake huwapa nyuki asali ya thamani kubwa nchini Oman. Samr ni mgunga. Mwarobaini, uliotoka Bara Hindi, unaonekana katika mitaa ya Muscat kama unavyoonekana Tanga na Lamu.

Mti wa ghaf ndio unaoheshimiwa kuliko yote katika jangwa la Arabia. Mizizi yake imeripotiwa kushuka zaidi ya mita 30 kutafuta maji, na kwa msaada wa bakteria waishio mizizini hujitengenezea mbolea ya naitrojeni kutoka hewani. Udongo ulio chini yake huwa bora kuliko ule ulioko mita chache pembeni. Kwa maana hiyo, ghaf inavumilia udongo duni na wakati huo huo inautengeneza. Lakini hukua polepole, na katika miaka yake ya kwanza kazi kubwa inafanyika chini ya ardhi, mahali ambapo kamera haifiki.

Ndiyo maana vishawishi vya njia ya mkato havikuisha. Nchi za Ghuba zilipanda kwa wingi mti uitwao damas, ambao asili ya aina yake mojawapo ni Somalia. Unakua haraka, unavumilia chumvi na kufanya ua mnene wa kijani ndani ya muda mfupi. Tatizo ni kwamba mizizi yake huyafuata maji popote yalipo, ikiwa ni pamoja na ndani ya mabomba ya majisafi na majitaka. Baadhi ya mamlaka za miji katika Ghuba zimezuia upandaji wake.

Wasomaji wa Kenya wanaijua hadithi hii kwa jina jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mti uitwao mathenge uliletwa Baringo katika mradi uliosaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia mmomonyoko. Mti huo ulistawi mno. Ulivamia malisho, ukaziba njia za maji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, kiasi kwamba jamii ya Ilchamus iliishitaki serikali mahakamani katikati ya miaka ya 2000, na mbuzi asiye na meno akapelekwa Nairobi kama ushahidi. Mti ule ule umesambaa Oman, hasa katika jimbo la Dhofar, na serikali imekuwa ikiendesha kampeni za kuung'oa. Kustawi, kwa hiyo, si sifa inayojitosheleza. Lazima iulizwe mti umestawi kwa gharama ya nani.

Qurum na boriti za Lamu

Muscat una mfano wake wa mafanikio, nao uko katikati ya jiji. Eneo la Qurum limepata jina lake kutokana na mikoko, na msitu wake mdogo ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa wataalamu wa Japani, kitalu cha mikoko kilianzishwa hapo na miche yake imepelekwa katika hori mbalimbali za pwani ya Oman.

Aina iliyopo huko ni moja tu, ile ambayo wakazi wa mwambao wa Afrika Mashariki huiita mchu. Mti huo hautaki maji matamu ya bomba. Huyatumia maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani yake. Hata hivyo, mchu nao una masharti. Ukipandwa chini mno, maji ya bahari huuzamisha. Ukipandwa juu mno, hukauka. Nchi nyingi zimepanda mikoko kwa maelfu katika matope yasiyofaa kwa sababu tu matope hayo hayakuwa na mwenyewe, na mawimbi yakaizoa.

Kuna jambo la kihistoria hapa. Kwa karne nyingi, majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji kwenda Oman na bandari za Ghuba, ambako hazikuwako mbao za kuezekea nyumba. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji huo nje ya nchi mwaka 1982, baada ya misitu kupungua. Leo pande zote mbili za bahari zinapanda mikoko, na zina mengi ya kuelezana kuhusu ni wapi ilishika na ni wapi ilikufa.

Somo la karafuu, somo la ngitili

Waomani wenyewe waliwahi kupata somo kubwa la udongo, na walilipata Zanzibar. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Sayyid Said bin Sultan alihimiza upandaji wa mikarafuu, na inasimuliwa kwamba aliwaagiza wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Amri ilikuwa moja, lakini ardhi haikuwa moja. Mikarafuu ilishika katika udongo wenye kina wa magharibi ya Unguja na vilima vya Pemba. Katika uwanda wa mawe wa mashariki ya Unguja haikuwa na pa kuingiza mizizi. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba biashara hiyo, na inaibeba hadi leo. Amri ya mtawala ilitosha kuutia mti ardhini, lakini haikutosha kuufanya uote mizizi kwenye jabali.

Somo la pili ni la karibu zaidi. Mkoani Shinyanga, Tanzania, ambako misitu ilikuwa imefyekwa hadi watu wakaziita sehemu zake jangwa, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza mwaka 1986. Mwanzoni nguvu ziliwekwa kwenye vitalu na ugawaji wa miche, na matokeo hayakulingana na jasho. Mabadiliko yalikuja pale wataalamu walipoufufua utaratibu wa Wasukuma uitwao ngitili, yaani kutenga malisho na kuyapumzisha ili visiki na mbegu zilizomo ardhini ziote zenyewe. Kutoka hekta takriban 600, ngitili zilifikia zaidi ya hekta 300,000. Mkoani Dodoma nako, mpango wa Kisiki Hai umewafundisha wakulima kuchagua machipukizi ya visiki, kuyapogolea na kuyalinda. Kisiki hakihitaji kunyweshwa, kwani kina mizizi ya miaka mingi.

Je, somo hilo linafaa Muscat? Katika barabara za jiji, hapana. Huko lazima mtu apande na anyweshe. Lakini nje ya jiji, katika wadi na nyanda ambako migunga na ghaf zimeliwa na mifugo hadi zikawa vichaka, uzio unaweza kuzaa miti mingi kuliko lori la miche. Vijifereji vya nusu duara vinavyozuia maji ya mvua, kama vinavyochimbwa na Wamaasai kusini mwa Kenya, vinaweza kuifanya mvua moja ya mwaka ifae mahali ilipoanguka. Fikra hiyo si ngeni Oman. Bwawa la Al Khoud, lililojengwa mwaka 1985 kando ya Muscat, hukusanya mafuriko ya wadi ili yazame ardhini badala ya kukimbilia baharini. Na aflaji, ile mifereji ya kale inayogawa maji kwa zamu, ambapo mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilijengwa juu ya kanuni kwamba hakuna anayepanda kabla ya kujua zamu yake ya maji ni lini.

Hesabu ipi?

Watetezi wa kampeni kubwa wana hoja yao. Wanasema kwamba takwimu kubwa huamsha watu, huleta fedha na humfanya mtoto wa shule aushike mche kwa mara ya kwanza. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Profesa Wangari Maathai alianza na miche michache mwaka 1977, na alipotunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2004, harakati zake za Green Belt zilikuwa zimepanda zaidi ya miti milioni 30. Lakini katika utaratibu wake kulikuwa na jambo ambalo halitajwi sana: wanawake walilipwa ujira mdogo kwa mche ulioshika, si kwa mche uliotiwa shimoni tu. Fedha zilifuata uhai wa mti.

Kanuni hiyo ndogo ndiyo inayokosekana katika kampeni nyingi za sasa, Arabuni na Afrika. Mkandarasi akilipwa siku ya kupanda, atapanda mingi, mikubwa na kwa haraka. Akilipwa nusu siku hiyo na nusu baada ya kiangazi cha tatu, atauliza kwanza kuhusu udongo, maji na aina ya mti. Serikali ikitangaza kila mwaka idadi ya miti iliyo hai, pamoja na ile iliyokufa na sababu za kufa kwake, hata idadi ndogo itakuwa na maana. Na kibarua anayebeba mpira wa maji, ambaye kwa kawaida ni mhamiaji kutoka Bara Hindi na jina lake halisomwi kwenye sherehe yoyote, atahesabiwa kuwa mlezi wa mti, kwa sababu ndivyo alivyo.

Maji, udongo na aina ya mti ni mambo ambayo Oman ina ujuzi nayo wa kutosha, kuanzia kwa wazee wa aflaji hadi kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilichoko Al Khoud. Kinachobakia ni uamuzi wa kuupa ujuzi huo nafasi mbele ya takwimu. Miche itakayopandwa Muscat tarehe 31 Oktoba ijayo itakuwa na takriban miezi saba ya kushusha mizizi kabla ya Juni kuingia. Jibu litaonekana wakati huo, juani, bila sherehe.